Kifungo cha shati na mwezi

Jana umeme ulikatika, mwezi mpevu ukawa umejaa kwenye dirisha la sebule. Mpwa wangu akauliza, "Mjomba, ule uko mbali kiasi gani?" Ningeweza kumtajia tu. Nikaona bora tupime.

Tukang'oa kifungo kwenye shati langu kuukuu (mke wangu bado hajagundua), kipenyo chake milimita 11. Tukakibandika kwenye kioo kwa selotepu. Kazi ikaanza: jicho moja limefumbwa, unarudi nyuma kidogo kidogo hadi kifungo kiufunike mwezi barabara, usibaki hata ukingo. Mara ya kwanza mwanga ukatuchungulia kupitia matundu manne ya uzi! Tukayaziba kwa nta ya mshumaa.

Kutoka jichoni hadi kwenye kifungo, kwa futikamba ya cherehani: sentimita 118, yaani milimita 1,180. Gawanya kwa kipenyo cha kifungo, unapata kama 107. Pembetatu ndogo kutoka jichoni hadi kingo za kifungo na ile kubwa hadi kingo za mwezi zina umbo moja, kwa hiyo mwezi nao uko mbali mara 107 ya kipenyo chake. Kipenyo hicho ni kilomita 3,474, hiki ilibidi tukikope vitabuni. Jibu: takriban kilomita 372,000. Wastani halisi ni 384,400. Kwa kifungo na nta!

Shingo inaniuma hadi sasa. Na leo mtoto anataka tupime jua. Nimekataa katakata, jua halitazamwi.