Siku moja maishani mwangu: Q bila U

Saa 12:30 asubuhi

Kazi yangu ni kutunga chemshabongo kwa wanaojifunza Kiingereza. Kila ukurasa una maneno yanayochangia herufi fulani, na kila neno lina maana yake kwa Kiswahili, isiyozidi maneno manane. Wa leo ni ukurasa wa maneno yenye Q isiyofuatwa na U. Simu ina ujumbe wa mhariri wangu tangu usiku: "Mwanangu, Q inifikie kabla ya magharibi." Namjibu, "Shikamoo mama, nimeupata." Ahadi sitoi.

Saa 2:00

Nafungua orodha kuu kwenye kompyuta na kuiamuru programu inipe kila neno ambalo Q yake inafuatwa na herufi isiyo U. Yanatiririka: qi, qat, qadi, faqir, qanat, qibla, waqf, niqab, qwerty. Mepesi nayajaza upesi. Qi ni nguvu ya uhai katika fikra za Kichina, hutamkwa "chii", na wacheza Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa kete za herufi, wanalipenda mno: katika kete 100 Q ni moja tu, ina pointi 10, na U ziko nne, kwa hiyo mtu anaweza kukaa na Q yake mkononi hadi mchezo uishe. Qat ni miraa. Qwerty ni herufi sita za mwanzo za kibodi hiihii ninayoibonyeza.

Lakini mbona talaq sioni?

Saa 3:15

Kosa nimeliona, na ni langu. Nimetaka Q, kisha herufi yoyote isiyo U. Talaq inaishia na Q. Baada yake hakuna herufi, sharti la pili halitimii, na programu inalipita neno kana kwamba halipo. Naandika agizo upya: Q isiyo na U mbele yake, hata kama mbele yake ni patupu. Hapo yanaingia talaq, suq, tranq, na umiaq, mashua ya ngozi ya Wainuit. Muda wote huo umeliwa na herufi ambayo haipo.

Saa 4:00

Wanafunzi huambiwa kwamba Q na U ni chanda na pete. Si uhusiano wa kuzaliwa nao. Kiingereza cha kale kiliandika *cwen* na *cwic*. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi wakafuata mtindo wa Kifaransa, ndipo tukapata *queen* na *quick*. Maneno yangu ya leo hayakupitia mlango huo. Mengi yana asili ya Kiarabu, na Q yake inasimama badala ya ق, sauti ile ya nyuma kabisa ya kinywa.

Na hapa ndipo ninapoipenda kazi hii. Alfabeti yetu haina Q hata moja, lakini qibla ni kibla, talaq ni talaka, waqf ni wakfu, suq ni soko. Watu wengine wanayakariri maneno haya kama namba za simu. Sisi tumekua nayo, tumeyavisha K tu.

Saa 6:00 mchana

Faqir imenikalia kooni. Nilikuwa nimeandika "fukara", nikaendelea na mengine, kisha nikarudi kuifuta. Ukoo ni mmoja. Kwa Kiarabu *faqir* ni maskini mmoja na *fuqara* ni maskini wengi. Sisi tuliuchukua wingi tukaufanya umoja, halafu tukauongezea ma- juu, tukapata mafukara. Ila Mwingereza akisema *faqir* hamaanishi mtu aliyeishiwa. Anamwona mcha Mungu aliyeipa dunia kisogo. Nafuta, naandika, nahesabu kwa vidole: "Mtawa wa Kiislamu au Kihindu aishiye kwa sadaka." Manane kamili.

Talaq nayo ina mtego wake. Kwetu hata wasio Waislamu hupeana talaka. Katika Kiingereza neno hilo halitoki nje ya sheria ya Kiislamu. Naongeza "ya Kiislamu", nasonga mbele.

Saa 8:00

Kijana anayetuchorea visanduku ananipigia. Anaona najitesa. "Kaka, Nigel Richards alichukua ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 na Kifaransa chenyewe haongei. Maana za nini?"

Ni kweli, na mwaka 2024 akachukua na ule wa Kihispania. Lakini Richards anacheza, mimi nafundisha. Nampa kisa cha *dord*. Kamusi ya Webster's ya mwaka 1934 ilikuwa na neno hilo, likiwa na maana ya densiti. Neno lenyewe halikuwahi kuwapo. Karatasi iliyosema kwamba "D or d" ni kifupisho cha *density* ilichanganyika na karatasi za maneno, herufi zikaunganishwa, likazaliwa neno. Mwaka 1939 mhariri mmoja akalishtukia kwa kuwa halikuonyeshwa asili.

"Sasa hilo lina pointi ngapi?" anauliza. Nakata simu.

Saa 10:00 alasiri

Nasahihisha. Qanat nimeiita "kisima", uvivu mtupu. Ni mfereji uliochimbwa chini kwa chini, wenye mteremko mdogo, ambao kwa karne nyingi umeleta maji kutoka milimani hadi mashambani Iran bila pampu. Nabadilisha: "Mfereji wa chini ya ardhi unaoleta maji."

Saa 11:40 jioni

Natuma. Jua bado liko, nimepona.

Saa 12:10

"Umefanya vizuri, mwanangu. Ila qadi umeandika 'Hakimu anayeamua kesi kwa sheria ya Kiislamu.' Kwa nini usiseme kadhi?"

Nacheka peke yangu. Nimeshinda nikijisifu kwamba maneno haya ni ya nyumbani, kumbe hilo la asubuhi nililijaza harakaharaka na kulieleza kama mgeni. Nafuta maneno saba, naweka moja, namtumia upya. Kesho ni zamu ya X, herufi nyingine tusiyokuwa nayo.