Ushuhuda wangu ulikuwa mzuri kuliko imani yangu

"Haikuwa hivyo, mdogo wangu. Mimi nilikuwepo."

Dada alisema hayo tukikusanya vitabu vya nyimbo baada ya ibada, kwa sauti ya chini, bila ukali wowote. Nilikuwa nimetoka kutoa ushuhuda wa kuokoka kwangu, ule ule niliokuwa nautoa kwa miaka 14, ambao vikundi vingine vya maombi vilikuwa vikiniita makusudi nikautoe. Ndani yake kuna binti wa miaka 17 anayeingia mkutanoni amekata tamaa. Anamsikia mhubiri kana kwamba anasemwa yeye tu. Anainuka peke yake katikati ya umati, anakwenda mpaka mbele, anaanguka magotini, analia mpaka sauti inamkauka. Hapo kwenye kuinuka peke yake ndipo "Amina" zilipokuwa zikipaa.

"Tulikwenda wawili," dada akaendelea. "Mimi ndiye niliyenyoosha mkono. Ukanitazama, ukanyoosha na wewe. Tukaenda mbele tumeshikana mikono. Na wala hukulia. Aliyelia ni mimi."

Nikacheka. Nikamwambia kila mtu hukumbuka kivyake, nikabeba vitabu nikaondoka. Lakini usiku ule sikulala, kwa sababu alikuwa anasema kweli na nilijua. Nilikumbuka hata mara ya kwanza nilipoyaongeza machozi: nilikuwa nasimulia mbele ya kundi dogo, mama mmoja akawa anajifuta macho, nami nikaona si vibaya binti wa kwenye hadithi naye akilia kidogo. Mara iliyofuata alilia zaidi. Dada nilimwondoa baadaye. Kusema kweli alikuwa anapunguza utamu.

Uongo wenyewe ulinitia aibu, ila haukuwa ndio ulioninyima usingizi. Nilichogundua ni kwamba kila mashaka yaliponijia, miaka yote ile, jibu langu lilikuwa siku ile moja. Nikipoa katika maombi, najiambia, "Lakini mimi niliokoka, siku naijua." Nikianguka katika jambo, narudi pale pale mbele ya mhubiri na machozi yangu. Sasa machozi hayakuwa yangu. Je, wokovu wenyewe?

Nilianza kujichunguza, na karibu miezi miwili ya kwanza nilijichunguza vibaya. Mtume Paulo anawaambia Wakorintho, "Jijaribuni wenyewe kwamba mmekuwa katika imani," nami nikalichukua neno hilo kama ruhusa ya kuufukua moyo wangu usiku na mchana. Niliirudia sala ya toba mara nne katika wiki moja, mojawapo nikiwa naosha vyombo. Kila nikimaliza nasubiri nisikie kitu. Nisiposikia, nasema labda sikumaanisha, narudia. Kwenye nyimbo za kuabudu nilikuwa najipeleleza: hivi mkono huu nimeuinua kwa kuguswa, au kwa sababu wa jirani umeinuka? Mtu akishafika hapo hawezi tena kuabudu, anabaki kujitazama tu.

Kisha nikatengeneza daftari. Nilichukua yale matunda tisa ya Roho katika Wagalatia sura ya 5, nikachora safu, nikawa najipa alama kila jioni. Upole, 7 kati ya 10. Furaha, 4. Uvumilivu niliuruka siku nyingi. Daftari hilo bado ninalo, na nikilisoma leo sijui nicheke au nisikitike. Kuna siku niliupandisha upendo hadi 8 kwa sababu nilimpa mtu kiti.

Lililonitesa zaidi ni Mathayo 7. Wale wanaoambiwa "Sikuwajua ninyi kamwe" walikuwa wametoa unabii, wametoa pepo, wamefanya miujiza mingi kwa jina la Yesu. Nikilinganisha na yangu, orodha yao ilikuwa ndefu mara kumi, na bado haikuwasaidia.

Nikamwendea mama mmoja mtu mzima anayeongoza maombi kanisani kwetu, mtu asiyependa maneno mengi. Nilimweleza yote, hata habari ya machozi. Akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, unaogopa Mungu atakukataa, au unaogopa watu watajua?"

Nikajibu haraka kwamba naogopa Mungu. Hakubisha. Akaniambia nilifunge daftari, nisome waraka wa kwanza wa Yohana, wote kwa kikao kimoja, kila siku kwa mwezi mzima. "Ni sura tano tu. Usichague mistari. Soma kama barua uliyoandikiwa."

Nilisoma. Ni aya 105, dakika 20 hivi ukisoma kwa utulivu. Wiki ya kwanza sikuona kipya. Wiki ya pili nikaanza kushangazwa na jambo ambalo halimo: Yohana anasema waziwazi, sura ya 5, kwamba anawaandikia waaminio wajue ya kuwa wana uzima wa milele, yaani swali lake ndilo langu kabisa, na katika barua nzima hamuulizi mtu aliokoka lini. Hataki tarehe. Hataki kujua nani alilia. Anauliza ya sasa: unaenenda nuruni? Unaziungama dhambi zako? Unamkiri Mwana? Unampenda ndugu yako?

Na kabla sijavunjika moyo kwamba sasa nimepewa daftari jingine gumu kuliko langu, alikuwa ameshaniwahi kwenye sura ya kwanza: "Tukisema kwamba hatuna dhambi, twajidanganya wenyewe." Nilikuwa nimedhani dhambi niliyoiona ndani yangu ndiyo ushahidi kwamba mimi si wake. Kwa Yohana anayejidanganya ni yule asemaye hana. Aliye nayo anaambiwa aiungame, na kwamba yuko Mwombezi kwa Baba, Yesu Kristo mwenye haki. Hapo ndipo nilipopumua mara ya kwanza tangu siku ya vile vitabu vya nyimbo.

Siku hizo hizo mchungaji alitaja katika mahubiri habari za John Wesley, yule Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti. Nilijua kidogo tu, nikaenda kusoma mwenyewe. Alikuwa padri tangu 1728. Mwaka 1735 aliondoka Uingereza kuvuka bahari kwenda Georgia, Marekani, kuhubiri, na huko kiongozi mmoja wa Wamoravia (Wakristo wa kanisa moja la Kiprotestanti), Spangenberg, akamuuliza kama anamjua Yesu Kristo. Wesley akajibu kwamba anajua ndiye Mwokozi wa ulimwengu. Ni kweli, akaambiwa, lakini unajua kwamba amekuokoa wewe? Akajikakamua kusema anatumaini Kristo alikufa kumwokoa. Baadaye akaandika katika shajara yake kwamba alihofia majibu yake yalikuwa maneno matupu. Padri, mmisionari, na hana uhakika! Wahubiri hupenda kuishia Mei 24, 1738, jijini London, moyo wake ulipopata joto la ajabu na akajua dhambi zake zimeondolewa. Kilichonifariji mimi ni kurasa zinazofuata, ambazo husikii zikihubiriwa sana: hata baada ya siku ile aliendelea kuandika juu ya vishindo vya mashaka. Kumbe hata mwenye siku nzuri ya kweli hakuweza kuiegemea siku.

Wiki ya tatu nikakwama kwenye sura ya 4: "Mtu akisema, Nampenda Mungu, naye anamchukia ndugu yake, ni mwongo."

Simu ilikuwa mezani. Dada alikuwa amepiga mara mbili jioni ile, na mara zote mbili niliigeuza kifudifudi, ikawa inatetemeka ikijisogeza yenyewe kidogo kidogo kuelekea kikombe, nami naitazama tu. Karibu miezi mitatu sikuwa nimempigia. Kanisani nilikuwa natokea mlango mwingine. Katika maombi nilikuwa nasema "wabariki ndugu zangu wote", nikijua vizuri ni jina gani ninalolizunguka. Na kosa lake lilikuwa nini? Alisema kweli.

Nilikaa pale na barua ya Yohana mikononi, na swali la yule mama likanirudia. Nilikuwa nimemwambia naogopa Mungu. Lakini mtu anayeogopa Mungu atamkataa kwa uongo wake hamkasirikii aliyeufichua. Nilikuwa nailinda hadithi.

Kesho yake nilikwenda. Nilikuwa nimejiandalia maneno, yakaniishia mlangoni, nikasema tu, "Dada, nilidanganya, na nimekuchukia kwa sababu ulijua." Alinikalisha. Hakunikumbatia wala nini, dada yangu si mtu wa hivyo. Akaanza kukunja nguo zilizokuwa kwenye kiti ili nipate pa kukaa vizuri, na akawa anaongea huku anakunja. Akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulijua. Yeye alilia usiku ule mpaka akaona amezaliwa upya kweli, na haukupita mwaka akarudi nyuma, akakaa miaka sita bila kuingia kanisani. Hiyo niliijua. Nisilolijua ni kwamba miaka yote ile alikuwa akinitazama mimi niliyebaki na kusema, "Ya mdogo wangu ilikuwa ya kweli. Yangu ilikuwa machozi tu."

Nami nilikuwa nimeyaiba machozi yake kwa kudhani hayo ndiyo ya kweli.

Katika mfano wa mpanzi, mbegu iliyoangukia penye miamba ilipokelewa kwa furaha mara moja, na ikanyauka. Kwa hiyo furaha ya siku ya kwanza haithibitishi lolote. Lakini sitaki kumwita dada mwamba, maana alirudi, na leo anaomba kuliko mimi. Nadhani tunafanya haraka mno kupanga watu kwenye udongo wao wakati mvua bado inanyesha.

Kurekebisha ushuhuda kulikuwa kazi nyingine. Nilianza na mchungaji, kisha kikundi changu cha maombi. Wengi walinyamaza. Mtu mmoja alisema ningeacha tu, kwani ulikuwa unawabariki watu, na bado sijui nimjibu nini zaidi ya kwamba haukuwa wa kweli. Vikundi viwili havijaniita tena.

Mashaka yenyewe hayajaisha. Yakija siku hizi siikimbilii tena siku ile. Nasema kama yule baba katika Marko 9, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," halafu nauliza la pili, kama kuna mtu ambaye simu yake nimeigeuza kifudifudi. Mara nyingine yupo.

Mwezi uliopita niliombwa ushuhuda kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo. Nilianza hivi: "Dada yangu alinyoosha mkono, nami nikamtazama, nikanyoosha." Alikuwa amekaa safu ya tatu. Aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika, na mpaka leo amekataa kuniambia kama alikuwa anacheka au analia. Nilimaliza kwa dakika nne. Mwenye ratiba alikuwa amenitengea 20, kwa hiyo kwaya iliitwa mbele nusu yao wakiwa bado nje.