Kodi ya Kivuli

Mwaka 2007 nilikuwa nauza dakika za simu kwenye kibanda kimoja Kibokoni, Mji wa Kale. Simu za nje ndizo zilizotulisha, na wateja wetu wakubwa walikuwa akina mama wa Kibarawa, watu wa Barawa, pwani ya Somalia, wenye jamaa Hamar, yaani Mogadishu. Wengi walifika Mombasa kwa majahazi baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka 1991. Waliwekwa kambini, Utange na kwengineko, kambi zikafungwa, wao wakabaki. Mmoja wao mtaa mzima tukimwita Khala. Dadake alikuwa hakuondoka Hamarweyne, mtaa wa kale wa Mogadishu, kwa sababu mumewe alikuwa na duka la vitambaa, na duka halipandi jahazi.

Jeshi la Ethiopia liliingia Mogadishu mwisho wa Desemba 2006 pamoja na serikali ya mpito ya Somalia, na Mahakama za Kiislamu, kundi lililokuwa likiutawala mji, zikakimbia bila kuupigania. Barazani tukasema basi, yamekwisha. Khala akasema hayajaanza. Januari 3 Kenya ikafunga mpaka, na mamia ya watu waliokwisha kufika Liboi, upande wa Kenya, wengi wao wanawake na watoto, wakarudishwa walikotoka. Serikali ilisema inahofia wapiganaji wasije wakapenya. Mtoto wa kunyonya anapenya vipi, sijui. Na watu wa mtaani nao, tusijitakase: wako waliosema Wasomali wamezidi, wacha wabaki kwao.

Khala alikuwa na namna yake ya kupiga simu. Hakai. Anasimama mbele ya mita, macho kwenye zile tarakimu nyekundu, na sekunde zikikaribia sitini anakata, hata kama neno liko mdomoni. Sekunde moja ikizidi unalipa dakika nzima. Kisha ananiambia, "Nipigie tena, mwanangu," anamalizia lile neno.

Vita vilipochacha Machi na Aprili, mara nyingi namba haikushika. Ikishika, vishindo vilisikika mpaka nilipoketi mimi. Dadake alieleza mambo yalivyokuwa: vijana wanakuja uchochoroni usiku, wanarusha makombora yao mawili matatu, wanatoweka. Baadaye Mahabeshi, yaani Waethiopia, wanajibu kwa mizinga, na mzinga hauna habari ya uchochoro, unashukia mtaa mzima. Aliyerusha keshafika mbali. Aliyekuwa akipika ndiye anayezikwa.

Halafu siku moja ya Aprili simu ikashika vizuri, hakuna kishindo hata kimoja.

"Mko wapi?"

"Nje ya mji, njia ya Afgoye. Chini ya mti."

"Mti wa nani?"

"Wa mwenye shamba. Ataka kodi."

Jamaa mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake akacheka, akidhani ni mzaha. Khala akamgeukia, akamtazama, yule bwana akainuka akaenda kusimama nje. Haukuwa mzaha. Umoja wa Mataifa ulikuwa ukisema zaidi ya watu 300,000 wameuhama mji tangu Februari, na barabara ile ya Afgoye ilijaa watu hata kivuli kikawa na bei. Maji nayo yalikuwa ya kununua. Mume wa dadake alikuwa amebaki nyuma kulinda vitambaa.

Siku hiyo Khala hakukata kwenye sekunde sitini. Aliacha mita iende. Dadake hakuomba pesa, aliomba turubai, kwani mvua zilikuwa zimeanza na mti hauzuii mvua.

Tulipofunga, nilimsindikiza madukani. Alichagua turubai kama achaguaye leso ya harusi: alilikunjua lote juu ya sakafu ya duka la watu, akaliangalia kwenye taa kama lina tundu, akavuta kila pembe. Alipobeba, akakataa nimsaidie. Tukateremka Bandari ya Kale, ambako majahazi ya Kismayu yalikuwa bado yakipakia. Nahodha mmoja mzee, Mbajuni, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mpaka Kismayu nitakufikishia, bure, wala sitaki shilingi yako. Lakini kutoka Kismayu hadi Afgoye ni nani wa kulipeleka? Kila kizuizi kina wenyewe. Wataliona turubai jipya, watalichukua."

"Nikilichafua?"

"Watachukua hata likiwa chafu, Bibi."

Khala akasimama pale kidogo. Sikujua niseme nini, nikanyamaza. Kisha akageuka akapanda ngazi, mimi nyuma yake, mpaka dukani kulekule. Ukutani palikuwa na maandishi: mali ikiuzwa hairudishwi. Khala hakujifanya hayaoni. Aliyasoma kwa sauti, akamwambia mwenye duka, "Haya, sasa nisikilize," akamhadithia yote, mti, kodi, mume na vitambaa vyake. Mwenye duka alilipokea turubai, lakini akakata shilingi mia mbili, akasema limeshakunjuliwa.

Zilizobaki zikaenda usiku uleule kwa watu wa hawala, wanaotuma pesa bila benki, na hawala, tofauti na turubai, ilifika. Wiki iliyofuata dadake akapiga mwenyewe, kwa simu ya kuazima, haraka haraka. Pesa amezipata. Karatasi za plastiki zinauzwa hukohuko, ghali. Mumewe bado hajafika. Na mwenye shamba ameongeza kodi ya mti.