Siku moja maishani mwangu: muuza kantini wa kambini, Tabora

Saa kumi na moja kasoro, alfajiri

Anayeishi kota hahitaji alamu. Mchakamchaka unapita nyuma ya jiko langu, buti na nyimbo, na mwanangu wa miaka mitatu amezoea kiasi kwamba anageuka tu upande wa pili na kuendelea kukoroma. Anayeamka ni mimi. Baba yake yuko mbali kikazi tangu mwezi wa pili, kwa hiyo mkaa nawasha mwenyewe, maji nateka mwenyewe, na maandazi nayakanda huku nusu ya macho imefumba.

Kwa wasionijua: nauza kantini ndani ya kambi moja hapa Tabora. Jina la kambi silitaji, picha msizitarajie, na mkiniuliza ina askari wangapi nitawajibu kwamba wanakuja mmoja mmoja.

Saa kumi na mbili na nusu

Nafungua. "Mwangaluka, mama kantini!" Huyo ni koplo wa hapahapa Uyui, hajawahi kunisalimia kwa Kiswahili hata siku moja. Chai, maandazi mawili, kiwi nyeusi. Kiwi ndiyo bidhaa inayonilisha kuliko mkate. Halafu nyembe, sabuni ya mche, sindano na uzi, vocha, Brasso ya kung'arishia vifungo. Friji ninayo moja, ya soda na maji. Daftari ninalo, la kurasa 200, na kila askari ana ukurasa wake. Hilo daftari tutarudi kwake.

Saa mbili na nusu

Namwachia msichana wangu kaunta, napanda bodaboda kwenda Soko Kuu kununua mzigo. Mchele, sukari, mafuta ya kupikia. Nanunua kwa mwenye jumla yuleyule anayewauzia wenye maduka wa Isevya na Ng'ambo, kwa bei ileile, na risiti ya mashine napewa kama wao. Siri ya duka langu ni hiyo: hakuna siri.

Lakini mwambie raia kwamba duka liko ndani ya geti la jeshi, uone macho yake yanavyobadilika. Mtaani bado wanaamini huku vitu ni nusu bei. Siwalaumu, maana zamani ilikuwa karibu na kweli. Mimi mwenyewe nilianza kuuza duka la jeshi mwaka 2012, mkoa mwingine, nikiwa binti wa kuajiriwa. Lile lilikuwa duka hasa! Simenti, bati, televisheni, friji, bia kwa kreti. Bidhaa ziliingia bila kodi, na askari alinunua kwa kitambulisho chake.

Tuseme friji imefika bandarini ikiwa na thamani ya shilingi 400,000. Ushuru wa forodha kwa bidhaa kamili kutoka nje ya Afrika Mashariki ulikuwa asilimia 25, hapo inakuwa 500,000. VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya hiyo 500,000, inafika 590,000, na mwenye duka bado hajaweka faida yake. Askari alikuwa anaziruka hizo 190,000. Sasa niambieni, mtu ana kaka watatu, mashemeji na mjomba anayejenga: friji moja ingemtosha? Nilimwona askari mmoja akinunua friji tatu ndani ya mwezi, naye alikuwa anaishi bwenini. Simenti nayo ilitoka na kitambulisho cha askari, ikaonekana kesho yake dukani kwa raia. Tulijua, na waliotukagua walijua.

Kwenye bajeti ya 2016/17 Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dkt. Philip Mpango, akatangaza kuufuta msamaha huo wa kodi wa maduka ya majeshi. Badala yake askari walipwe posho mkononi, wanunue popote wapendapo. Mimi nilipoteza kazi, lakini sitasema uamuzi ulikuwa mbaya. Pesa iliingia moja kwa moja kwa askari badala ya kupitia kwenye friji ya shemeji. Tatizo ni moja tu: posho haionekani. Duka lilikuwa na mlango na ndugu waliuona. Posho inaingia benki kimya kimya, na kijijini hakuna aliyepigiwa simu kuambiwa kwamba duka limekufa.

Saa nne na robo

Simu kutoka getini. "Mama kantini, una mgeni wa praiveti fulani huku. Kijana yuko zamu mpaka saa tisa. Anaomba umpokee mama yake."

Treni ya kutoka Kigoma ilitakiwa iingie usiku, imeingia asubuhi, na hiyo kwetu si habari. Zaidi ya kilomita 400 za reli, mama wa watu amekaa kwenye benchi na mfuko wa dagaa mapajani. Namkuta getini ameshaandikwa kwenye kitabu cha wageni: jina, namba ya kitambulisho, anamtembelea nani. Kitenge kipya, ndala, dumu la lita tano la mawese, na mjukuu wa miaka kama saba aliyewakodolea macho walinzi kana kwamba ni twiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwenye duka?"

Hata pole ya safari hajapokea, keshauliza duka. Moyoni nikasema, haya, tumeanza.

Saa tano

Nimempa chai, akanywa vikombe viwili. Kisha akafungua pindo la kitenge, akatoa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Mwandiko wa fundi: bati 40 za geji 30, kofia za bati, misumari ya bati kilo kadhaa, mbao. Chini yake kwa mwandiko mwingine: televisheni, ndogo tu.

"Kijana aliniambia nikija nitanunua kwa bei ya jeshi. Pesa ninayo." Akagusa kifua.

Nawaambia ukweli, kazi yangu ngumu haiko kwenye kubeba magunia. Mgumu ni huu muda wa kumwambia mama wa mtu kwamba bei ya jeshi haipo, bila kumfanya mwanawe aonekane mwongo. Maana kijana hakudanganya kwa ubaya. Ameandikishwa juzi juzi, kakulia nyumbani akisikia habari za baba mdogo aliyenunua redio kambini, na siku alipofaulu kuingia jeshini kijiji kizima kilihesabu bati.

Nikamweleza polepole. Kwamba msamaha wa kodi ulifutwa 2016. Kwamba mwanawe analipwa kwa njia nyingine. Kwamba bati atazikuta madukani mjini kama mtu yeyote, na kuzisafirisha kutoka huku mpaka Kigoma zitamla nauli kuliko kuzinunua kwao Mwanga au Ujiji.

Akatulia. Akaangalia rafu zangu: kiwi, sabuni, biskuti. "Kwa hiyo duka la jeshi ndiyo hili?"

"Ndiyo hili, mama."

"Na lile la JKT je? Jirani kaniambia wana lao."

Hilo ni SUMAJKT, shirika la uzalishaji mali la JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, lipo tangu 1981. Nikamwambia lenyewe linauzia kila mtu, halihitaji mwana askari. Akacheka kwa pua.

Mjukuu naye alikuwa na orodha yake, ya kitu kimoja: kofia ya mabaka. Hapo sikubembeleza. Sare na mavazi yanayofanana nayo raia haruhusiwi kuvaa, na Agosti 2023 jeshi lilitoa siku saba watu wote waliokuwa nayo wayarudishe. Nikampa biskuti. Akaipokea kama mtu aliyenyang'anywa shamba.

Saa saba

Vurugu. Wali, maharage, "mama niongezee mchuzi". Sina muda wa kuandika.

Saa nane na nusu

Anaingia sajenti mstaafu, mzee wetu, hupita kila Jumatano kunywa chai na kukosoa maandazi yangu. Alishakaa Darfur, Sudan, kwenye UNAMID, ujumbe wa kulinda amani, na akiketi tu lazima asimulie duka la walinzi wa amani, jinsi walivyonunua saa na kamera bila kodi. Leo kapata msikilizaji mpya, basi kaendelea mpaka Marekani, ambako aliwahi kupelekwa kozi.

"Kule, mama, jeshi lina duka la vyakula kubwa kama uwanja. Zamani bei ilikuwa ileile waliyonunulia, halafu kaunta wanakuongezea asilimia tano tu, ya kujengea na kukarabati maduka yenyewe."

"Na wageni?"

"Mgeni unaweza kuingia naye, akusukumie toroli. Kulipa hawezi. Anayelipa ni mwenye kitambulisho. Ila tangu Januari 2020 wamewafungulia hata maaskari wa zamani waliopata ulemavu kazini, pamoja na mtu anayewauguza."

Mama akaweka kikombe chini. "Anayemuuguza anaingia. Na aliyemzaa je?"

Mzee hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Akakuna kidevu. "Aliyemzaa naye anapata kitambulisho, lakini mpaka awe ameandikishwa kwamba anamtegemea mwanawe. Yaani mwana ndiye anayemlisha."

"Basi mimi nisingeingia," akasema mama, akapiga ule mfuko wa dagaa kwa kiganja. "Maana mpaka leo ninayemlisha yeye ni mimi."

Tulicheka mpaka msichana wangu akamwaga maji.

Saa tisa na dakika kumi

Kijana katoka zamu. Kasimama mlangoni na kombati yake, mrefu, kamaliza kusema "shikamoo mama" sauti ikakatika. Niliwaachia benchi la nje. Yasiyonihusu sikuyasikiliza, ila niliona akipokea ile karatasi ya fundi, akaisoma, akaikunja tena mara nne, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo.

Saa kumi na mbili jioni

Sasa lile daftari. Watu wanatafuta nafuu ya duka la kambini kwenye bei, wakati iko kwenye kalamu. Dukani mjini askari mgeni hakopeshwi hata kiberiti. Leo yuko hapa, kesho kahamishwa. Mimi namkopesha, kwa sababu najua anaishi wapi, na mshahara ukiingia atapita mbele ya mlango huu akitaka asitake. Mgeni wa askari naye anakula kwa ukurasa wa askari. Kuna wake waliokuja kusalimia wiki mbili, wakaacha deni la kurasa mbili! Kuna mmoja alihama na deni langu, nami namba yake bado ninayo, ikiwa anasoma hapa.

Saa mbili na nusu usiku

Nimeshashusha dirisha nusu, kijana akarudi peke yake. Sukari kilo tano, mchele kilo kumi, mafuta lita tatu, sabuni miche minne, biskuti pakiti sita za mtoto. Mama anaondoka na treni ya kesho kutwa.

"Andika kwangu, mama kantini. Lakini nakuomba, akikuuliza, mwambie nimelipa." Kisha akainama kidogo dirishani. "Na mwambie ilikuwa bei ya jeshi."

Nikaandika kila kitu kwa bei yake. Kwenye mfuko wa mama nikaongeza kiberiti kimoja, hicho sikukiandika. Kisha nikafunga dirisha, nikarudi nyumbani na robo ya dagaa aliyoniachia, nikaziloweka za kesho.