Baba mkubwa katoka wodini, dawa zimepangwa upya

Alikuja kutoka Tukuyu hawezi kulala chali, miguu imevimba hadi viatu vimegoma. Hapa Mbeya akalazwa: moyo unashindwa kusukuma damu, maji yamejaa mapafuni.

Nilidhani wataongeza vidonge basi. Kumbe ni hesabu ya kila asubuhi. Furosemidi, dawa ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, ikahamishwa kutoka vidonge kwenda sindano ya mshipa, maana utumbo uliovimba haufyonzi dawa vizuri. Mizani kwanza, chai baadaye. Mkojo nao unapimwa (mzee alinuna, akazoea). Maji yalipopungua wakamrudisha kwenye vidonge.

Kavediloli, dawa ya moyo inayoshusha pia presha, aliyokuwa akiitumia hawakuikatisha, kwa kuwa presha haikuwa imeporomoka. Diklofenaki ya magoti, aliyojinunulia duka la dawa, ikapigwa marufuku siku ileile. Hiyo hufanya maji na chumvi vibaki mwilini na huumiza figo. Binafsi namshuku huyo diklofenaki kwa yote haya.

Enalaprili na spironolaktoni ndizo zilizoniumiza kichwa. Zinausaidia moyo, lakini zote hupandisha potasiamu (madini ya damuni ambayo yakizidi ni hatari kwa moyo), kwa hiyo damu inapimwa mara kwa mara. Na mama mkubwa kila mchana analeta hotipoti la ndizi na parachichi pembeni! Daktari kacheka: "Mama, punguza kidogo, potasiamu imeanza kupanda."

Karuhusiwa na dozi ndogo, atapandishiwa taratibu kliniki. Uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, arudi bila kusubiri tarehe. Mwenye kujua mizani nzuri inauzwa wapi Mwanjelwa, naomba anielekeze.