Masika, matope na Simba wangu

Masika yakishaanza huku Arusha mi najua kabisa asubuhi yangu inaanzia wapi, inaanzia kwenye miguu ya Simba, mbwa wangu. Udongo wetu wa huku chini ya Mlima Meru ni wa volkano, mweusi, ukilowa unanata balaa, na Simba ni chotara wa jerumani shepadi na mbwa wa kienyeji, ana manyoya marefu mkiani na nyuma ya mapaja, huko ndo matope yanaganda mpaka yanakuwa vidonge.

Naandika hii kwa sababu wiki iliyopita nimemkuta kijana wa jirani anamchapa mbwa wake fimbo eti kaingia sebuleni na matope. Iliniuma sana jamani. Yule mbwa hata hajui anapigiwa nini.

Kaa siku moja umwangalie mbwa wako vizuri. Simba akifika kwenye dimbwi pale chini ya mgomba haingii tu hivihivi, ananusa kwanza, tena kwa muda mrefu, anaparua kidogo na mguu wa mbele, alafu anashusha kidevu, shingo, bega, ndo anajimwaga mwili mzima na kugaragara miguu juu. Kwake ile ni harufu, panya aliyepita usiku, paka, kuku, majani yaliyooza, vyote vimo mle, na pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu zaidi ya milioni 200 wakati sisi tuna kama milioni 5 au 6 tu. Ndo maana ukimwogesha na shampuu inayonukia maua anatoka hapo moja kwa moja kwenye tope, hiyo harufu sio yake, anataka kuitoa.

Alafu kuna joto. Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi, jasho lake liko kwenye nyayo, kupoa kwenyewe anategemea kuhema ulimi nje, sasa lile jua kali linalowaka mvua ikikatika akilaza tumbo kwenye tope la baridi anapata nafuu kweli, nyati na ngiri nao wanafanya hivohivo. Na wengine wanachimba kwa sababu tu wamefungiwa kutwa nzima hawana cha kufanya, huyo mtoe mkatembee.

Mwanzoni mi nilikosea, nilikuwa namwogesha kila siku na sabuni ya unga. Baada ya wiki mbili ngozi ikawa inatoa magamba, anajikuna mpaka damu, daktari wa mifugo akaniambia acha kabisa, unamtoa mafuta yake ya asili. Siku hizi nayaacha matope yakauke kwanza. Anakaa kwenye gunia kibarazani kama saa moja hivi, yakishakauka unapitisha brashi ngumu yanadondoka yenyewe kama vumbi, sabuni haihitajiki. Tope bichi ukilisugua unalizamisha ndani ya manyoya. Miguu ndo naiosha, ndoo ndogo ya maji ya uvuguvugu, mguu mmoja mmoja, alafu nakausha na kanga kuukuu, masikio pia nayafuta maana yakibaki na unyevu yanaoza ndani.

Ila kati ya vidole usipaharakishe. Mwezi uliopita nimekuta kidonge cha tope kama punje ya maharage, nikakilowesha taratibu mpaka kikalainika, kumbe chini yake kuna kupe kashiba, wa kijivu, kang'ang'ania kwenye ule ukunjo wa ngozi, na Simba siku mbili nzima alikuwa anaulamba mguu huohuo mi nadhani ni mazoea tu. Na tafadhali msiwapake mbwa mafuta ya taa wala oili chafu, inawaunguza ngozi, na wakijilamba wanaimeza.

Sio kila tope namruhusu. La bustanini sawa, nimemwachia kona yake kabisa, na kutoka pale hadi mlangoni nimemwaga kokoto zinapunguza mengi. La mtaroni hapana. Maji ya kule yana mkojo wa panya, na huko ndo inakotoka leptospirosisi, ile homa ya mgunda iliyosumbua watu Ruangwa kule Lindi mwaka 2022. Mbwa anaugua na wewe unaugua. Chanjo ya mbwa ipo, ukienda kumchanja kichaa cha mbwa ulizia na hiyo.

Yule kijana jana nimempelekea brashi yangu ya zamani, tukakaa kwenye ngazi tukamsafisha mbwa wake pamoja. Alitulia vizuri tu, mgongo, mkia, miguu yote kakubali, ila brashi ikifika ubavu wa kushoto, pale fimbo ilipopita, anajikunja. Kijana akaona mwenyewe, akaiweka brashi chini, akaendelea na mkono.