Gauni la mduara na upindo wake wa mita 5

Nikishika nguo ya zamani siitazami mbele kwanza, naigeuza. Upande wa ndani haujui kusema uongo. Ndio unaokuonyesha aliyeishona alikuwa na haraka au yuko raha zake, kama uzi ulimwishia njiani akaunga wa rangi nyingine, na kama alitarajia mvaaji anenepe siku moja. Gauni kuukuu la miaka ya 1950 lililoshonwa nyumbani mara nyingi utalikuta limeachiwa akiba ya sentimita 2 au 3 kwenye mishono ya ubavuni, kingo zimekatwa kwa mkasi wa menomeno au zimezungushiwa uzi kwa mkono. Geuza gauni la dukani la leo: ovaloki (ule mshono wa mashine unaozungushia ukingo), akiba nyembamba kama utambi, basi. Fundi akitaka kulitanua hana pa kushika.

Kwa hiyo nilipoamua kujishonea gauni la mtindo ule nilijiwekea sharti moja: ndani kupendeze kama nje. Masharti mengine yakajileta yenyewe. Maua ya kitambaa niyachape mwenyewe kwa kibao cha kuchonga, kola niidarizi kwa mkono, na mishono yote mirefu ipite kwenye cherehani yangu ya kuzungusha. Hii ni wiki ya tisa. Sijamaliza. Naandika kabla sijasahau nilikokosea.

Hesabu kwanza

Sketi ni mduara kamili. Kiuno changu ni sentimita 72. Gawa kwa 6.28, unapata nusu kipenyo cha 11.46. Nikakishusha hadi 11, kwa sababu tundu la mduara hutanuka kila likishikwashikwa, na kulitanua ni rahisi kuliko kulirudisha. Urefu nikauweka 71, hivyo pindo liko sentimita 82 kutoka katikati. Ongeza 3 za kukunja: 85. Kitambaa changu kina upana wa 115, mduara mzima haukai hapo, kwa hiyo nikakata nusu mbili, kila moja ikimeza mita 1.7 na ushee. Mita 3 na nusu, sketi peke yake! Kisha zidisha 82 kwa 6.28. Jibu ni sentimita 515, na hiyo ndiyo safari ambayo sindano yangu inatakiwa kuitembea kwa mguu.

Dada yangu alinikuta nimejaza karatasi mbili. “Sasa hilo gauni ni la kuvaa au la kufanyia mtihani?”

Hesabu hizo zilinifanya nielewe kelele za mwaka 1947. Tarehe 12 Februari mwaka huo mbunifu Mfaransa Christian Dior alionyesha Paris mavazi yake ya kwanza: kiuno chembamba, sketi iliyomwagika. Wengine walipendezwa, wengine walikasirika, na mimi nawaelewa waliokasirika. Uingereza mgao wa nguo ulikuwa umeanza Juni 1941 na haukuondolewa hadi Machi 1949. Kuanzia 1942 serikali ilipanga hata idadi ya vifungo na marinda ambayo nguo ya dukani iliruhusiwa kuwa nayo. Mtu amekaa miaka anageuza kola iliyochakaa ili upande mzima uje juu, halafu anaonyeshwa sketi inayokula kitambaa cha magauni matatu. Umbo nalipenda la baada ya 1947. Tabia yangu mezani ni ya 1943. Vipande vilivyobaki kwenye pembe za ile miduara sijatupa hata kimoja, na mtaviona vikirudi.

Sehemu ya juu

Hapa sitakaa sana. Nilitumia ruwaza ya karatasi ya zamani, ile isiyochapishwa maandishi wala mistari: karatasi nyembamba tupu yenye matundu. Tundu kubwa lina maana yake, dogo lina yake, na bila ile karatasi ya maelekezo unakisia. Namba za saizi za wakati ule hazilingani na za leo, kwa hiyo angalia kipimo cha kifua kilichoandikwa kwenye bahasha, namba isikushughulishe. Nilijaribu mara tatu kwa marekani, kile kitambaa kisichopaushwa, kabla ya kugusa kitambaa chenyewe. Mara ya kwanza niliweza kuvaa lakini si kupumua. Ya pili nilipumua lakini mikono haikupanda. Ya tatu ndiyo hii.

Kibao

Kibao ni linoleamu, sentimita 10 kwa 10, imegundishwa kwenye ubao. Kitu hiki kilitengenezwa kwa ajili ya sakafu. Mwingereza Frederick Walton alikiwekea hataza mnamo 1863, na ndani yake kuna mafuta ya mbegu za kitani yaliyogandishwa pamoja na unga wa koki, lile gome la mti la kutengenezea vizibo. Kola yangu ni ya kitani. Basi mmea uleule umenipa nguo na kibao cha kuichapia, na jambo hilo lilinifurahisha jioni nzima bila sababu ya maana.

Ukitaka kuchonga, ipashe joto kidogo kwanza. Ikiwa baridi inakatika kama jibini kavu na patasi inaruka. Ikipata joto, patasi ya V inateleza na kutoa utepe mmoja mrefu uliojikunja. Mkono usiochonga uwe nyuma ya patasi, kamwe usiwe mbele. Nina kovu la kuthibitisha. Na kumbuka picha itatoka imegeuka: ua langu nililichora linainamia kulia, sasa maua yote 44 yananiangalia yakiwa yameinama kushoto.

Kwa nini 44? Mwanzoni nilitaka kuchapa kitambaa chote. Nikahesabu, ikaja zaidi ya mara 500, nikapona. Nikaamua maua yazunguke chini ya sketi tu. Nilichora kwa chaki duara lenye nusu kipenyo cha 70, na juu ya kila nusu ya sketi vibao 22 vya sentimita 10 vikaingia sawasawa, kana kwamba nilipanga. Nikajisifu. Kisha nikachapa vitatu vya majaribio nikaona kosa ambalo mtoto wa shule angeliona: kibao kina pande zilizonyooka, sketi ni ya mviringo. Vibao vinagusana juu, lakini chini, sentimita 80 kutoka katikati, kila kimoja kimeachana na mwenzake kwa sentimita 1.4. Kabari tupu kila baada ya ua.

Nilikaa siku mbili bila kugusa kitu. Jibu lilikuwa kibao cha pili, kidogo kama kidole gumba: shina fupi na tunda moja la mviringo, nyembamba juu, pana chini. Kinakaa ndani ya ile kabari. Sasa mtu akitazama anadhani ndiyo michoro yenyewe ilivyokusudiwa, na mimi simsahihishi.

Kuchapa kwenyewe ni kazi ya masikio kuliko macho. Kitambaa nilikifua kwanza kutoa wanga na kukimaliza kusinyaa, nikakilaza juu ya blanketi lililokunjwa ili kibao kizame kidogo. Wino unausambaza kwa rola juu ya kioo. Ukiwa mwingi rola inateleza kimyakimya. Ukiwa mchache inakwaruza. Ukiwa wa kutosha inatoa mlio mwembamba wa kunatanata, ule wa plasta inayobanduliwa pole pole. Ukiusikia huo, paka kibao, kilaze kwenye alama, gonga kwa nyundo ya mti, inua moja kwa moja bila kukitikisa. Wachapaji wa mbunifu Mwingereza William Morris kwenye kiwanda chake cha Merton Abbey, kuanzia 1881, walifanya kazi hiyohiyo kwa vibao vya mti, na vibao vya namna hiyo huwekewa pini ndogo za shaba pembeni zinazoacha nukta za kuonyesha kibao kinachofuata kiweke wapi mguu. Mimi nilitumia chaki na imani. Ua la 17 liko milimita 3 chini ya wenzake. Nalijua lilipo, nitalikalia.

Wino ukikauka lazima uushindilie kwa pasi kavu ya moto. Wa kwangu unataka dakika 4 kila mahali. Shikilieni neno hilo pasi, linarudi sasa hivi.

Kola

Kwenye kola nilichapa jani moja kila upande, kisha, mbele kwa mbele, nikachora mizabibu ya kudarizi kwa kalamu ile ya buluu inayofutika kwa maji. Halafu nikakumbuka wino wa majani haujapigwa pasi. Nikapiga. Moto ukaishika ile buluu ikageuka kahawia na kugoma. Nimeloweka, nimefua kwa sabuni, nimesugua. Imo.

Kosa ni la mpangilio tu: pasi kwanza, kalamu baadaye. Lakini kola ilikuwa imeshakatwa na kitani kimekwisha. Nilikuwa nimepanga mshono wa shina, mstari mwembamba wa kupendeza. Mstari mwembamba haufichi kitu. Nikahamia mshono wa mnyororo, ambao ni mnene zaidi, nyuzi 3 badala ya 2 (uzi wa kudarizi huja umesokotwa nyuzi 6, unazitenganisha mwenyewe), na kila pete nikaihesabu ikae juu ya kahawia. Zabibu ni vifundo vidogo: unazungusha uzi mara mbili kwenye sindano, unaushikilia usilegee, unazamisha sindano karibu na ilipotokea lakini si tunduni hapohapo, la sivyo kifundo chote kinapotelea upande wa pili. Uzi nakata usizidi urefu wa kutoka vidole hadi kiwiko. Mrefu zaidi unajisokota na kuchakaa kabla haujaisha. Uzi mwekundu niliulowesha kwanza na kuubana kwenye kitambaa cheupe. Ulichuja. Nikaubadilisha, nikashukuru kuwa angalau hapo nilitumia akili.

Nyuma ya kola ni safi. Hakuna fundo hata moja. Kila mwisho wa uzi umepitishwa chini ya mishono. Kola ina bitana, kwa hiyo hakuna atakayeona isipokuwa atakayeifumua.

Cherehani

Ni ile ya bobini nyembamba ndefu inayokaa ndani ya kichuma chenye umbo la mtumbwi. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza, na mshono unaojua ni mmoja tu, wa kunyooka. Ndiyo maana kingo za ndani inabidi uzimalize kwa akili. Mishono ya ubavuni ya sketi nimeikunjia ndani: unashona kwanza ndani kwa ndani, unapunguza, unageuza, unashona tena, ukingo unabaki umefungwa ndani ya mshono kama barua. Ile ya sehemu ya juu nimeiachia akiba ya sentimita 2.5 na kuizungushia mkanda wa mshazari (unaokatwa kwa kukingama na nyuzi za kitambaa) uliotoka, ndiyo, kwenye zile pembe zilizobaki.

Jioni moja ilianza kuruka mishono. Nilibadilisha uzi, nikalegeza, nikakaza, nikatia mafuta, nikaisema vibaya. Sindano ilikuwa nimeichomeka kinyume.

Kuitundika

Sketi ya mduara ina sehemu nne zinazokaa mshazari, na mshazari hushuka kwa uzito wake. Kila anayeshona anajua: unganisha kiuno, tundika siku nzima au mbili, ndipo usawazishe chini. Mimi nilijua. Nisichofikiria ni kwamba nimeshachapa.

Siku ya pili, sehemu zile nne zilikuwa zimeshuka, iliyozidi kwa sentimita 2.3. Kawaida unakata kilichoshuka, mambo yameisha. Lakini maua yameshuka pamoja na kitambaa, na yalikuwa sentimita 2 tu juu ya pindo. Nikikata kwa kusawazisha, pembe nne zitakula matunda yangu.

Basi nilifumua kiuno. Niliivaa sketi imebanwa kwa mkanda wa lastiki, dada yangu akapiga magoti na rula akipima kutoka sakafuni hadi kwenye maua, si hadi kwenye ukingo, na kila palipolala akavuta kitambaa juu chini ya mkanda hadi maua yakawa mstari mmoja. Nikaweka alama kwa bandi ya uzi mweupe. Kiuno kimeongezeka kidogo kwa kuvutwa hivyo. Nikakikusanya kwa mishono midogo miwili sambamba na kukipiga pasi ya mvuke hadi kikasinyaa. Ukilaza gauni mezani, tundu la kiuno lina umbo la yai lililokaliwa. Likivaliwa maua yanazunguka sawa.

Sasa niko kwenye upindo. Nachota nyuzi mbili za kitambaa, sindano inaingia kwenye mkunjo, inatoka, subana imenichubua kidole. Jana nililala nikiwa sentimita 268. Zipu ya chuma, itakayokaa ubavu wa kushoto na kushonwa kwa mkono, bado imebandikwa kwenye kadi yake.